Maswali ya Wasomaji: Hata Kundi Lisilopewa Dawa Limeacha Kukohoa

SWALI: Ninapima kama kiziduo cha majani, yaani viini vilivyotolewa ndani ya majani, kinatuliza kikohozi. Simbilisi wangu niliwavutisha ukungu wa asidi ya sitriki asubuhi, nikahesabu vikohozi, kisha mchana nikawanywesha kiziduo na kurudia. Vikohozi vimepungua karibu nusu. Lakini kundi lililonyweshwa maji matupu nalo limepungua vivyo hivyo. Nimekosea wapi?

JIBU: Kundi hilo la maji ndilo limekuokoa, bila hilo ungetangaza dawa usiyo nayo. Ukirudia asidi siku hiyohiyo, njia za hewa huwa zimeshaizoea, na mnyama hukohoa kidogo hata asipopewa chochote. Wapumzishe siku kadhaa kati ya kipimo na kipimo, na uwagawe katika makundi kwa kura.

Angalia pia chupa ya asidi. Kwa mkolezo wa molari 0.5, asidi isiyo na maji kwenye fuwele zake ni gramu 9.6, unaongeza maji hadi mililita 100. Yenye maji ni gramu 10.5. Ukihamia chupa ya yenye maji bila kubadili uzito, ukungu unapungua nguvu na sifa unapewa mmea.

Anayehesabu asijue mnyama yupi kapewa nini. Akikohoa, simbilisi hunyoosha shingo, hufungua mdomo na kutoa sauti nzito. Akipiga chafya, mara nyingi hufuatisha kusugua pua kwa miguu ya mbele. Chafya zikiingia kwenye hesabu, matokeo yote yamevurugika.

Ongeza kundi la kodeini, dawa inayojulikana kutuliza kikohozi, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Hilo lisipokohoa kidogo kuliko kundi la maji, kasoro iko kwenye kipimo chenyewe, usiulaumu mmea. Na kabla ya kufurahia kiziduo, mlaze mnyama chali: akikawia kujigeuza, kimemlewesha, na mnyama aliyelewa hakohoi sana. Hapo umepata kilevi, na kwa mgonjwa mwenye makohozi kifuani hicho ni hatari.

SWALI: Simbilisi ni ghali. Panya weupe hawafai?

JIBU: Kwa kupima viziduo vingi haraka ili kuchagua vichache vya kuendelea navyo, watu huwatumia, wakiwavutisha amonia. Ila kikohozi cha panya hakifanani vizuri na cha binadamu, na wataalamu wengine wanakataa hata kukiita kikohozi. Kitakachofaulu kwa panya, kipime tena kwa simbilisi kabla hujakiandikia ripoti.