Konokono Wamelijaza Tangi Langu la Samaki

SWALI: Nina tangi la kioo la lita 80 sebuleni, lenye samaki wadogo kumi na wawili aina ya gapi. Miezi mitatu iliyopita nilipanda humo majani niliyoyang'oa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga kule Mabogini. Sasa kila nikiwasha taa usiku nakuta konokono wametapakaa kiooni, wengine wadogo kama punje za ulezi, na nimewaokota kwa mkono hadi nimechoka. Jirani yangu, mkulima wa kahawa, ananishauri nitie mrututu kidogo. Je, nimsikilize? – Msomaji, Pasua, Moshi.

JIBU: Mrututu ubaki stoo kwa jirani. Ni kweli unaua konokono, kwa kuwa shaba iliyomo ni sumu kwao, na kwa sababu hiyo uliwahi kutumika mabwawani na mifereji kupambana na konokono wa kichocho; lakini kiasi kinachomuua konokono hakiko mbali na kile kinachomdhuru samaki, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi. Hata gapi wako wakinusurika, konokono waliokufa kwa mpigo wataoza ndani ya magamba yao, amonia, sumu itokanayo na uozo, itapanda, hewa ya majini itapungua, na asubuhi utawakuta samaki wakitweta juu ya maji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mikono yako. Mifereji ya mpunga ni makao ya konokono wa kichocho: Biomphalaria, ambaye gamba lake limejikunja bapa kama kamba iliyozungushwa sakafuni, na Bulinus, ambaye gamba lake huwa na kijincha. Konokono aliyetoka mferejini akiwa na vimelea anaweza kuendelea kuvimwaga majini kwa wiki kadhaa, navyo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Waliozaliwa tangini hawana vimelea hivyo, kwa sababu havipiti kwenye mayai ya konokono. Hawavipati mpaka kinyesi au mkojo wa mtu mwenye kichocho uyafikie maji. Kwa hiyo hatari ilikuwa kubwa zaidi siku zile za mwanzo kuliko leo, lakini kwa kuwa umekuwa ukiokota kwa mikono mitupu, nenda kituo cha afya ukapimwe choo na mkojo, ueleze na habari ya mfereji. Tangu leo vaa glovu ndefu za mpira.

Sasa tuwarudie konokono wenyewe. Wanaongezeka kwa sababu wanakula, na anayewalisha ni wewe. Gapi kumi na wawili wanatosheka na chakula watakachokimaliza kwa dakika mbili. Chochote kinachozama baada ya hapo ni karamu ya konokono. Punguza kipimo, na siku moja kwa wiki usiwape kitu, kwani samaki wazima hawadhuriki kwa hilo. Jioni, taa ikishazimwa, zamisha kipande cha tango kilichochomekwa uma ili kisielee. Alfajiri utakikuta kimefunikwa na konokono. Kitoe taratibu pamoja nao, uwatie kwenye maji yanayochemka, kisha uwafukie. Usiwamwage mferejini.

Fanya hivyo kila usiku kwa wiki tatu hivi, maana ukiacha mapema mayai yataanguliwa na utaanza upya. Mayai yenyewe yafuate chini ya majani na kwenye pembe za kioo: yanafanana na tone la gundi lililokauka nusu, lenye vitone ndani yake, na ukingo wa kadi ya plastiki unayakwangua vizuri. Majani yale ya Mabogini ningeyang'oa yote. Utakaponunua mengine, yakae kwanza kwenye ndoo peke yake kwa wiki tatu, ukiyakagua.

Wapo watakaokushauri ufuge samaki anayekula konokono. Ziwa Victoria lina furu mmoja, Astatoreochromis alluaudi, mwenye meno ya kooni yanayoponda magamba, lakini akizoea chakula laini huwapuuza konokono, na gapi wako wadogo angewameza.

SWALI: Konokono wangu wamechongoka kama pia na hushinda mchangani. Je, niwaondoe? – Msomaji, Njiro, Arusha.

JIBU: Hao yaelekea ni Melanoides. Hawatagi mayai bali huzaa watoto, na jike mmoja huzaa bila dume, hivyo kuwamaliza kabisa ni kazi ngumu. Mimi ningewaacha wachache, kwa kuwa wanaugeuza mchanga na kula mabaki yaliyonaswa humo. Siku utakapowaona wengi wakipanda kioo mchana kweupe, badilisha robo ya maji na ukague pampu ya hewa.