Tofu Ikianza Kuteleza Usiioshe, Itupe

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, tofu niliyotengeneza Jumapili imeanza kuteleza, na maji yake yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikiisugua na ndimu nikaikaanga hadi ikauke, si itafaa? Nina oda kesho."

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Jibu halikuwa gumu. Kilichonishika ni kwamba maneno hayo hayo niliwahi kujiambia mwenyewe, miaka minne iliyopita, alfajiri, nimesimama jikoni kwangu Tabata na sufuria la tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa, mbele yangu. Nikamjibu palepale: tupa. Akanyamaza. Najua kwa nini alinyamaza, maana kilo moja ya soya ni hela, na oda ni jina lako. Basi leo naeleza yaliyonipata, ili neno hilo moja lisionekane la ukali.

Wakati ule nilikuwa na miezi mitano tu tangu nianze kuuza. Wote tulioingia kwenye kazi hii tunaijua ile hamu: leo unauzia majirani, kesho hoteli, keshokutwa una mashine yako ya kusagia na wasichana wawili wa kukusaidia. Soya nilikuwa naagiza Songea. Habari za kuloweka, kusaga, kuchuja machicha na kugandisha kwa siki nimeshaziandika huko nyuma, sizirudii. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na sendofu ya binti yake, akaniambia, "Wifi, nyama zipo, lakini nataka na ile tofu yako, watu waionje." Kilo nane! Kwangu ulikuwa mchango wa familia na tangazo la biashara kwa pamoja. Sikulala kwa furaha.

Nilimaliza kukamua Alhamisi saa nne usiku. Tofu ilitoka nzuri, nyeupe, ngumu, inakatika bila kumeguka. Nikakata mapande makubwa, nikayapanga yakiwa bado ya moto kwenye sufuria moja la shughuli, nikamimina maji ya bomba, nikafunika, nikalisukuma ndani ya friji lililokwisha kujaa soda za sherehe. Ijumaa asubuhi nilizamisha mkono. Vipande vya juu vilikuwa vya baridi. Vya katikati vilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikasema vitapoa, nikafunga mlango wa friji nikaendelea na shughuli zangu. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ninalolikumbuka kuliko yote yaliyofuata.

Jumamosi alfajiri nikafunua. Vipovu vidogo vilikuwa vimejipanga ukingoni mwa sufuria kama shanga. Nikachukua kipande, nikakibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, nikavitenganisha vidole polepole: ute ukavutika kama wa bamia. Harufu haikuwa kali, ilikuwa ya uji wa ulezi uliolala. Niliijua. Nataka niseme ukweli huo bila kujificha: niliijua, nikaamua kutojua. Nikaosha maji matatu, nikakamulia ndimu, nikaweka tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikakaanga kwenye mafuta mengi hadi rangi ya dhahabu. Ilinukia vizuri. Watu walisifu. Shangazi wa bwana harusi mtarajiwa aliomba namba yangu ya simu.

Saa saba usiku simu ikaita. Watu sita walikuwa wanaharisha na kutapika, na mzee mmoja, baba mdogo wa mume wangu, alikuwa zahanati anawekewa dripu. Wote walipona, namshukuru Mungu. Lakini wifi hakunipigia simu kwa miezi saba. Kwenye vikao vya familia bakuli langu lilirudi kama lilivyokwenda, limejaa, limefunikwa kwa adabu. Mpaka leo nikikumbuka lile bakuli, koo linakaba.

Muuguzi aliyemhudumia mzee ndiye aliyenifumbua macho, na hakunisema vibaya. Moto huua bakteria, alisema, lakini baadhi yao, kama Staphylococcus aureus na Bacillus cereus, huenda wameshaacha sumu ndani ya chakula ambayo kikaango hakiiondoi. Kwa hiyo ndimu haisaidii, na kuikaanga ikauke hakusaidii. Unakaanga sumu na viungo.

Ndugu zangu, tatizo letu ni kwamba tunaichukulia tofu kama maharage kwa kuwa imetokana na soya. Soya hukaa gunia zima miezi na miezi kwa sababu ni kavu. Sisi tumeshailowesha, tumeisaga, tumeifanya chakula laini chenye protini tele na maji mengi, kisicho na chumvi wala ukali wa kukilinda. Hicho si maharage tena. Hicho ni samaki. Ungemwacha changu mbichi mezani toka asubuhi hadi jioni? Ungempanga akiwa wa moto ndani ya sufuria lililoshonana? Basi na tofu usiifanyie hivyo.

Siku hizi nikishakamua nakata vipande vya nusu kilo, navitia kwenye maji ya barafu niliyoyachemsha na kuyapoza kabla, mpaka ndani kabisa kipoe. Kisha naviweka kwenye vyombo vifupi vyenye mfuniko, safu moja tu, maji yafunike juu. Tangu kukamua hadi friji zisipite saa mbili, na miezi ya joto la Dar, pale hali ya hewa inapopita nyuzi 32, nahesabu saa moja tu. Friji langu lina kipimajoto kidogo, nalitaka lisome nyuzi 4 au chini ya hapo. Tofu naiweka ndani kabisa, mlangoni kamwe, maana mlango unafunguliwa kila saa. Maji nabadilisha kila siku. Siku ya tatu, ya nne ikizidi, iwe imeliwa au imeingia friza. Hata ile ya dukani, ukishafungua pakiti sheria ni hiyo hiyo.

Na maji yenyewe yawe ya kunywa. Huko Marekani, jimbo la Washington, mwanzoni mwa 1982 watu waliugua baada ya kula tofu iliyofungashwa na maji ya chemchemi ambayo hayakutibiwa. Bakteria wake, Yersinia enterocolitica, ana uwezo wa kuendelea kukua hata ndani ya baridi ya friji. Ndiyo maana nachemsha maji hata ninapokuwa na haraka.

Friza ni rafiki. Kausha kipande kwa kitambaa safi, funga vizuri, andika tarehe. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inakaa miezi mitatu bila shida. Itageuka manjano kidogo na kuwa na vitundu kama sifongo, usiogope, hiyo hunywa mchuzi vizuri zaidi. Iyeyushe ndani ya friji, si juu ya meza. Umeme ukikatika, acha kufungua fungua: friji lililofungwa hutunza baridi kama saa nne, friza iliyojaa hufika saa 48.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kuizamisha kwenye mafuta ndani ya chupa, iwe kama achari, ikae kabatini. Hapana. Chini ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulismu, ugonjwa unaoletwa na sumu yao, wanapapenda mahali pasipo na hewa. Mwaka 2012 jijini New York watu wawili waliupata ugonjwa huo kutokana na tofu iliyochachushwa nyumbani. Sumu hiyo hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Yule dada wa Morogoro alinijibu jana mchana. Alimpigia mteja wake, akamwambia mzigo umeharibika, akamwomba siku mbili. Mteja alikasirika, kisha akakubali. Usiku ule ule akaloweka soya nyingine.

Na wifi, wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu sendofu ile, aliniagiza tofu: "Niletee kilo mbili, nina wageni." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nilizibeba kwenye kindoo chenye barafu toka Tabata hadi kwake Mbagala, na nilipofika, kabla hata ya kukaa, nilimwomba anifungulie friji niziweke mwenyewe.