Caravan ya mikono yako: tumbo la mizigo, vioo na pangaboi

Kwa mtu wa Unguja au Pemba anayejenga modeli za ndege, na anayetaka kuacha kuunganisha tu vipande vya kiwandani na kuanza kujitengenezea vyake, hakuna ndege inayofaa kuliko Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya abiria yenye injini moja. Ya kweli ipo karibu. Inatua Kisauni, inatua Pemba, na abiria huipanda kwa miguu akitembea pembeni yake, akaliona tairi, bomba la moshi na pangaboi kwa umbali wa hatua chache. Picha za mtandaoni zinasaidia, lakini jicho lililowahi kusimama chini ya bawa hilo halidanganyiki kirahisi. Ukitaka kupiga picha uwanjani, omba ruhusa kwanza kwa wafanyakazi waliopo. Usipige kwa kuibia.

Seti ya plastiki hukupa umbo la jumla. Makosa yake huwa yale yale: vioo vinene, pangaboi nono, bomba la moshi lisilo na tundu, kingo za bawa kama za ubao wa kukatia mboga. Hivyo ndivyo vya kutengeneza upya. Viti vya abiria viache kama vilivyo, kwa sababu bodi ikishafungwa havionekani, na saa utakazopoteza humo zingekutosha kwa kioo cha mbele.

Kabla ya wembe, hesabu. Caravan 208B, ile ndefu, ina mita 15.88 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, na urefu wa mita 12.68. Kwa skeli ya 1/72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege ya kweli, hiyo ni milimita 220.6 na milimita 176.1. Ile 208 fupi ina urefu wa mita 11.46, yaani milimita 159.2. Tofauti yao ni futi 4: milimita 16.9 kwa 1/72, na milimita 25.4 kwa 1/48. Pima bodi ya seti yako kwa vernia, kile kipimio cha kubana chenye taya mbili, ujue umenunua ipi, maana huwezi kujenga ndefu juu ya fupi bila kuikata. Kumbuka pia kwamba katika 1/72 milimita moja ya plastiki ni sentimita 7.2 za ndege ya kweli. Ukingo wa nyuma wa bawa wenye unene wa milimita 0.8 unamaanisha bati la karibu sentimita 6. Usugue kwa upande wa ndani, kabla ya kuunganisha nusu mbili za bawa, mpaka kwa pamoja zibaki milimita 0.3 hivi. Ukisugua kwa nje utafuta mistari yote.

Plastiki ya kufanyia kazi huna haja ya kuiagiza ng'ambo. Unachotafuta ni polistirini, ile yenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu. Kasha la CD ni polistirini tupu, gumu, lenye unene wa milimita 1.2 hivi. Vikombe na vifuniko vyembamba vya namba 6 hukupa unene wa chini ya nusu milimita. Usiamini macho, soma namba: kikombe cha namba 5 kinafanana nacho kabisa, lakini hakishiki gundi wala rangi, na kipande ulichokihangaikia siku mbili kitabanduka kwa ukucha. Kama namba haipo, dondoshea thina ya rangi za magari. Polistirini hulainika na kunata papo hapo. Namba 1, 2 na 5 hazishtuki. Thina hiyo hiyo ndiyo gundi yako: shikanisha vipande viwili vikavu, gusa mwanya kwa brashi nyembamba, thina itajipenyeza yenyewe. Usilowanishe, kwa sababu plastiki nyembamba huyeyuka na kupinda. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi na mshumaa ukiwa umezimwa, kwani mvuke wake unashika moto.

Kurefusha bodi fupi kunatisha kuliko kunavyostahili. Chapisha picha ya ubavuni ya ndege ndefu kwa ukubwa wa modeli, ilaze kando ya bodi, ulinganishe madirisha na milango. Hapo utaona pa kukata. Zungushia utepe mgumu pawe reli yako, kisha pitisha wembe polepole mara kumi na tano au ishirini badala ya kuukandamiza. Ukitumia msumeno wa chuma, jino lake linakula karibu milimita moja kila unapokata, na milimita hiyo lazima uirudishe kwenye kipande cha kuongezea. Kipande chenyewe ni pete za plastiki zilizobandikwa moja juu ya nyingine, na kwa ndani weka ndimi nne za plastiki zinazovuka kiungo ili bodi isivunjike hapo. Kisha acha. Thina inaendelea kutoka ndani ya plastiki kwa siku kadhaa, na kiungo kinazidi kuzama. Ukisugua siku ya pili, wiki ijayo utaona mfereji chini ya rangi. Siku nne ni kidogo, wiki ni salama.

Sasa tumbo la mizigo, ganda refu linaloning'inia chini ya bodi. Si kila Caravan inalo, basi angalia ndege unayoiiga. Lijenge kama mafundi wanavyojenga mashua: mkuku, yaani uti wa chini, kwanza; mataruma, zile mbavu, baadaye. Bandika utepe wa karatasi chini ya bodi, chora juu yake mzingo wa tumbo, ubandue, uuhamishie kwenye plastiki ya kasha la CD na ukate. Huo ndio ubao wa juu, na kwa sababu umetoka kwenye bodi yenyewe utakaa mahali pake. Katikati simamisha mkuku uliokatwa kwa kufuata picha ya ubavuni. Kushoto na kulia bandika mataruma kila baada ya milimita 12, ukihakikisha kila jozi inalingana. Kata mbili mbili kwa pamoja zikiwa zimeshikanishwa kwa utepe.

Nafasi baina ya mataruma zijazwe kwa gundi ya udongo ya sehemu mbili, ile ya kuzibia mabomba. Jaza hadi chini kidogo ya ukingo, acha ikauke, kisha maliza kwa puti ya magari. Kosa kubwa hutokea kwenye msasa. Udongo na plastiki havichakai sawa: ukisugua kwa kidole, kile kilicho laini kinashuka, na mataruma yanatokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi au yanazama kama makunyanzi. Zungushia msasa kwenye kifutio kigumu, anza na namba 240, nenda 400, umalizie 800 kwa maji. Mbavu zikionekana bado, paka supagluu nyembamba juu ya ganda zima na usugue tena ndani ya saa moja, kabla haijawa ngumu kama jiwe. Milango ya tumbo iko upande wa kushoto. Ichore kwa sindano ya kushonea iliyobanwa kwenye penseli ya risasi za kusukuma, ukiongozwa na utepe mgumu, mara tano kwa uzito wa kalamu tu. Ukikandamiza mara moja, sindano itakimbia.

Kwa vitundu vidogo, supagluu iliyochanganywa na poda ya mtoto ni bora kuliko bikaboneti. Bikaboneti huganda papo hapo na kuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, hivyo msasa unachimba pembeni na kuacha kilima katikati. Poda hukupa dakika chache na husuguka vizuri.

Kioo cha mbele ndicho kinachoitofautisha modeli iliyotengenezwa na ile iliyounganishwa tu. Paka kioo cha seti mafuta ya nazi kwa ndani, kijaze udongo wa sehemu mbili, uuchomoe ukishakauka. Sasa una kalibu, lakini ni ndogo kwa unene wote wa kioo cha zamani. Iongezee puti kwa nje mpaka vernia ionyeshe upana wa kioo cha seti pungufu ya milimita 0.6, yaani 0.3 kila upande, unene wa plastiki mpya. Usijaribu kuacha kioo cha seti juu ya udongo ili kuokoa kazi. Ni polistirini, kitalainika kwenye joto na kalibu itaharibika. Ongeza kitako cha sentimita moja chini, ili mikunjo iishie huko. Sugua hadi 1200, kwa sababu kila mkwaruzo wa kalibu utajichora kwenye kioo.

Chupa ya soda ya plastiki, namba 1, yenye ubavu laini usio na michirizi, ndiyo kioo chenyewe. Kata kitako chake, ingiza kalibu, uishikilie kwa kijiti, kisha pasha kwa bunduki ya hewa moto ukizungusha. Chupa itajikaza yenyewe juu ya kalibu. Mashine ya kukaushia nywele mara nyingi haifiki joto hilo. Jiko la mkaa linafaa ukishika juu yake na kuzungusha bila kusimama, lakini hapo kuna hatari moja: plastiki hii ikipata joto kupita kiasi inageuka nyeupe kama maziwa, na haitarudi. Ukiona doa jeupe, tupa uchukue chupa nyingine. Tengeneza vitatu, uchague kimoja.

Kamwe usibandike kioo kwa supagluu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe, na hewa yetu yenye unyevu, hasa wakati wa masika, huuzidisha. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na ikikauka haionekani. Madirisha ya pembeni yasiyozidi milimita 4 unaweza hata kuyajaza kwa gundi hiyo hiyo: izungushe kwenye ukingo kwa kijiti cha meno, ivute kuvuka tundu, uiache usiku mzima.

Pangaboi la Caravan lina mabawa matatu na kipenyo cha inchi 106, mita 2.69, kwa 1/72 ni milimita 37.4. Toa kila bawa kwenye tabaka mbili za plastiki ya milimita 0.3 zilizounganishwa kwa thina na kukaushwa siku nzima. Litumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kumi, shika shina kwa plaisi, pinda ncha kwa kuisokota takriban nyuzi 20, kisha haraka kwenye maji baridi. Ukikaa kiti cha rubani, pangaboi hili huzunguka kama mshale wa saa. Pinda mabawa yote kwa kufuata hilo. Wapo wanaopinda mawili sawa na la tatu kinyume, kwa sababu wameligeuza mkononi bila kutambua. Tia alama ya kalamu kwenye uso wa mbele wa kila moja kabla ya maji. Kwa kupanga, chora duara kwenye karatasi lenye mistari mitatu ya nyuzi 120, ulibandikie utepe wa plastiki juu ili gundi isishike karatasi.

Kuna jambo ambalo hata wajenzi wazoefu hulikosea. Injini ya Caravan ikizimwa, shinikizo la mafuta kwenye kitovu cha pangaboi hupotea, na vizani pamoja na springi huyageuza mabawa yakaelekeza ukingo mbele. Kwa hiyo ndege iliyoegeshwa, ukiitazama kwa mbele, mabawa huonekana membamba. Modeli iliyosimama bila rubani huku mabawa yakiwa kwenye pembe ya kuruka ina kosa ambalo mtu yeyote wa uwanja wa ndege ataliona.

Bomba la moshi ni moja, liko upande wa kulia chini ya pua. Viringisha bati la kopo la soda kwenye msumari, libandike kwa supagluu, ukate kwa mshazari. Masizi yapakwe upande huo wa kulia tu, yakirudi nyuma juu ya tumbo la mizigo.

Uzito wa pua uhesabiwe kabla ya kufunga bodi, na hapa lile tumbo la udongo linakuja kudai haki yake, maana sehemu yake ya nyuma inaivuta ndege ikalie mkia. Shikanisha kila kitu kwa utepe, weka modeli juu ya penseli mahali pa magurudumu makuu, ongeza chubwi za mshipi puani hadi ianguke mbele, kisha ongeza gramu 3 kwa ajili ya rangi. Chubwi zibandikwe kwa supagluu au gundi ya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya mbao inaila risasi polepole, inatoa unga mweupe unaovimba, na miaka miwili baadaye pua inapasuka yenyewe.

Uzito huo utapinda miguu ya plastiki. Ibadilishe kwa sindano mpya za duka la dawa, zisizowahi kutumika: namba 18 ina kipenyo cha milimita 1.27, namba 21 ina 0.82, namba 23 ina 0.64. Hazishiki kutu, tofauti na waya wa chuma ambao hewa ya chumvi huutafuna hata ndani ya rangi. Namba 27, yenye milimita 0.41, inafaa kwa mirija ya kupimia mwendo. Antena zitoke kwenye vijiti vya fremu ya seti: zungusha kijiti juu ya mshumaa mpaka kilegee, kitoe motoni, hesabu moja, ndipo uvute. Ukivuta kikiwa bado motoni kinakatika.

Rangi ya kupuliza ingoje siku kavu, baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ikigeuka ukungu mweupe, ni unyevu. Puliza thina nyepesi juu yake siku nyingine kavu, itarudi kung'aa. Mwisho kabisa, kata ukanda mwembamba wa karatasi nyekundu, ufunge bawa moja la pangaboi kwenye pua. Ndege za kweli hufungwa hivyo, kwa sababu pangaboi la injini hii halina kizuizi na upepo wa kusi unaweza kulizungusha.