Kuhesabu "Majengo" bila kubeba "Majengo Mapya"

Anayepeleka mizigo Mombasa anajua kwamba Majengo iko kisiwani na Majengo Mapya iko Likoni, ng'ambo ya feri. Excel haijui. Usipoielekeza vizuri itajumlisha zote mbili, na bodaboda watapangwa upande usio wao.

Ikiwa kila seli ina mtaa mmoja tu, tuseme kuanzia C2 hadi C400, kazi ni nyepesi: =COUNTIF(C2:C400,"Majengo"). Haijali herufi kubwa wala ndogo. Kwa mitaa mingi, andika majina kuanzia F2, weka =COUNTIF($C$2:$C$400,F2) pembeni, katika G2, kisha vuta fomula chini. Alama za dola usiziache kamwe. Bila hizo, eneo linalohesabiwa huteremka pamoja na fomula, na mistari ya juu huachwa nje bila onyo lolote.

Taabu huanza seli moja inapobeba mitaa kadhaa: "Majengo, Nyali, Majengo Mapya". Wengi hukimbilia nyota, "*Majengo*". Lakini nyota maana yake ni chochote kile, kwa hivyo Majengo Mapya nayo huingia. Dawa ni kulijengea kila jina ukuta, yaani alama ya |, pande zote mbili. Katika D2 weka fomula hii, uivute hadi D400:

="|"&LOWER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,", ",","),",","||"))&"|"

SUBSTITUTE ya ndani huondoa nafasi baada ya koma, kwa sababu mwingine huandika "Nyali,Majengo" kwa haraka. Seli yetu sasa inasomeka |majengo||nyali||majengo mapya|. Basi hesabu:

=COUNTIF(D2:D400,"*|majengo|*")

Hapo umepata idadi ya mistari, si idadi ya safari. Oda inayopita Majengo mara mbili imehesabiwa mara moja. Ukitaka kila kutajwa kwake:

=SUMPRODUCT(LEN(D2:D400)-LEN(SUBSTITUTE(D2:D400,"|majengo|","")))/9

Hiyo 9 ni herufi 7 za majengo na kuta 2. Kwa nyali utagawanya kwa 7. LOWER, inayogeuza herufi zote kuwa ndogo, tuliiweka kwa ajili ya fomula hii, kwani SUBSTITUTE hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Na kuta lazima ziwe mbili kati ya majina. Katika |majengo|majengo| jina la kwanza huondoka na ukuta wa jirani yake, na la pili halihesabiwi.

Ukipata 0 na jina unaliona kwa macho, shuku nafasi iliyojificha mwishoni. TRIM huondoa ile ya kawaida. Ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao TRIM haiigusi; tumia =TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," ")) kwenye safu ya pembeni, kisha bandika matokeo, thamani tu bila fomula, juu ya C. Safu ya D itajirekebisha yenyewe.