Jibu: AC ya kuhamishika kwa chumba cha bati, Ipagala
Habari mkuu. Umeuliza uchukue ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000 kwa chumba cha futi 12 kwa 12 kinachowaka moto mchana.

Kabla ya BTU angalia dirisha. Nyuma ya mashine kuna bomba nene la hewa ya moto, na lisipotoka nje joto lote linabaki ndani. Madirisha yetu mengi hapa Dodoma yana nondo na wavu, halipiti mpaka ukate. Kwangu nilikata wavu nikaziba pembeni kwa plaiwudi. Hata hivyo, hewa inayosukumwa nje huvuta nyingine ya moto, na vumbi, kupitia chini ya mlango. Ziba na hapo.

Kama hakuna dari, weka dari kwanza, tafadhali. Ya 12,000 hula uniti moja ya umeme wa LUKU au zaidi kwa saa kompresa ikizunguka.

Ningekuwa wewe ningeanza na feni ya maji, ile inayopoza hewa kwa kuipitisha kwenye maji. Oktoba na Novemba hewa yetu ni kavu, inapoza vizuri dirisha likiwa wazi. Mvua za Desemba zikianza nguvu yake ya kupoza inapungua.

Ukishikilia AC, chukua 12,000, ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni.