Ubuntu haioni Wi-Fi: usiifute bado

Waalaykum salaam, Mwalimu. Umesema uko Wete, umeweka Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye laptopu kuukuu, Wi-Fi haionekani, na mitihani ya skuli unayoiandika humo inavurugika mpangilio ukiifungua kwenye Windows ya ofisini.

Wi-Fi kwanza, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Laptopu nyingi za zamani zina chipu ya Wi-Fi ya kampuni ya Broadcom, na draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia chipu hiyo) si huria, kwa hiyo mara nyingi haiwekwi pamoja na mfumo. Chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB, kompyuta itapata mtandao. Halafu tafuta programu ya Additional Drivers, chagua draiva itakayotajwa, uwashe upya.

Mitihani hiyo inavurugwa na fonti, yaani aina ya herufi. Katika LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo Ubuntu, tumia Liberation Serif, herufi zake zina upana sawa na Times New Roman, kisha hifadhi kwa docx, muundo wa faili wa Word. Kama ni ya kuchapishwa tu, toa PDF.

Terminali, dirisha la kuandikia amri, iwache kwa sasa. Wanaokutisha nayo wanajionesha tu. Wi-Fi ikigoma hata hapo, ndipo uandike lspci humo, uniletee mstari wenye neno Network.