Jasho la usiku la mama: mpime sukari pale pale

Dada, umeuliza kwa nini mama yako anayechoma insulini ya kisukari huamka usiku shuka limelowa jasho, mikono ikitetemeka, na homa hana. Nadhani sukari inamshuka. Ikifika chini ya 4 (mmol/L, kizio cha kupimia sukari ya damu) mwili hujihami: adrenalini, homoni ya dharura, humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, jasho hutoka, na ini huachia sukari lililoiweka akiba. Ndiyo maana asubuhi kipimo kinaweza kusoma vizuri kabisa. Msidanganyike.

Mpime pale pale anapoamka. Ikiwa chini, mpe gramu 15 za sukari, kama vijiko vya chai vitatu vilivyojaa, ukikoroga kwenye maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiki: ikishuka mara kwa mara, mwili huzoea na dalili hufifia. Usiku mmoja hatatetemeka wala kutoka jasho, atachanganyikiwa tu au kuzimia. Tafadhali msingoje kliniki ijayo. Andikeni vipimo vya usiku, daktari avione wiki hii na kuangalia upya dozi yake.